Kupika chomboni: jiko ndilo linunuliwe mwisho

Nchi kavu mimi ni fundi umeme. Chomboni ni mpishi, kwa sababu mke wangu ndiye nahodha na vyeo vingine vilikuwa vimekwisha. Basi mtu akiniuliza afunge jiko gani kwenye boti yake, la gesi au la umeme, huwa ameshajijibu moyoni kwamba fundi umeme atasema umeme. Sisemi hivyo. Huwa namuuliza kwanza: mtungi wako wa gesi unakaa siku ngapi? Wengi hawajui. Wanajua jiko wanalolitaka lina plati ngapi na kioo chake kina rangi gani, ila moto wanaoutumia kwa siku hawajawahi kuupima.

Kuupima ni kazi ndogo. Weka mtungi kwenye mizani, andika, pika kama kawaida wiki nzima, kisha upime tena. Sisi watu wawili, tulipokuwa bado tunapikia gesi, kwa vinywaji vya moto, mlo mmoja mkubwa na mwingine wa kuungaunga, tulikuwa tunachoma kama gramu 200 kwa siku. Kilo moja ya propani ina nishati ya uniti karibu 13, uniti hizihizi za kwenye mita ya nyumbani. Kwa hiyo gramu 200 ni uniti 2.6 hivi, na ukiishia hapo utaona umeme wa chomboni hautoshi kabisa. Lakini moto wa gesi humwaga joto jingi pembeni mwa sufuria, na kinachoingia kwenye chakula ni kama asilimia 40, yaani uniti moja tu. Jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, huingiza karibu asilimia 85 ya umeme linaopewa, na inverta iliyo kati yake na betri, inayougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, hujikatia asilimia 10 yake. Ukipiga hesabu yote hiyo, chakula kilekile kinataka uniti 1.3 kutoka kwenye betri.

Uniti 1.3 kwa siku. Ukishakuwa na namba yako ya namna hiyo, maswali mengine yote yanapungua ukali, maana unajua unachokitafuta: je, chombo chako kinaweza kuzalisha hiyo juu ya matumizi mengine, kila siku, hata ukiwa umetia nanga mbali na gati?

Nianze kwa kuisifu gesi, maana inastahili. Mtungi wa kilo 5 una uniti 64 ndani yake. Benki yetu ya betri za lithiamu, ampea-saa 400 kwa volti 12, ina uniti 5 na kidogo. Hata ukitoa joto lote linalopotea pembeni, mtungi ule mmoja unaingiza kwenye sufuria mara sita ya betri zilizojaa, na betri hizo zina uzito wa kilo kama 50. Mtungi haujali mawingu wala kivuli cha mlingoti, na ukikaa kabatini miezi mitatu bila kuguswa utaukuta vilevile. Usiku wa manane chombo kikienda mrama, unawasha kiberiti, maji yanachemka. Hakuna betri iliyonipa utulivu wa namna hiyo.

Lakini gesi ina tabia moja ambayo nchi kavu haikusumbui sana na chomboni inakuwa kila kitu. Propani ni nzito kuliko hewa, kwa mara moja na nusu hivi. Nyumbani ikivuja kidogo hutambaa sakafuni na kutokea chini ya mlango. Chombo hakina upenyo wa chini. Kimejengwa kisipitishe kitu. Gesi inateremka mpaka ngamani, chini kabisa ya chombo, na kukaa huko, pamoja na pampu, swichi za maji na nyaya za betri, yaani kila kitu chenye cheche. Kilo moja ikivuja ni lita kama 540 za gesi, na propani inahitaji kufika asilimia 2 na kidogo tu ya hewa ili iweze kuwaka. Pigeni hesabu wenyewe: kilo moja iliyochanganyika sawasawa inatosha kuifanya hewa ya mita za ujazo 25 iwe tayari kulipuka, na hiyo ni karibu nafasi yote ya ndani ya boti yetu ya mita 11. Tena haichanganyiki sawasawa. Inalala chini, kwa hiyo kiasi kidogo zaidi kinatosha.

Ndiyo maana mfumo wa gesi wa chomboni una masharti ambayo ukiyaona mara ya kwanza unadhani ni woga. Mtungi ukae kwenye kabati lake, lisilo na tundu lolote kuelekea ndani, lifunguliwe kwa juu, na chini yake liwe na bomba linalomwaga nje ya chombo, juu ya mstari wa maji. Valvu ya solenoidi, yaani koki inayofunguka na kujifunga kwa umeme, ikae humohumo kabatini, na swichi yake iwe jikoni unapoifikia bila kuuvuka moto. Kutoka kabatini hadi jikoni uende mpira mmoja au bomba moja lisilo na kiungo katikati. Kifaa cha kunusa gesi kifungwe chini, karibu na sakafu. Nimeona watu wakikifunga darini kama cha moshi, mahali ambapo propani itafika ikiwa imeshajaza kila kitu kingine. Na kila plati iwe na kile kijiti kinachokata gesi moto ukizimika.

Kuna geji ndogo pia, baada ya valvu ya mtungi na kabla ya regulata, ile inayopunguza presha ya gesi. Wengi wanadhani inaonyesha gesi iliyobaki. Haionyeshi, kwa sababu propani ikiwa bado majimaji ndani ya mtungi, presha yake inafuata joto la siku na si kiasi kilichomo. Kazi ya geji ni kutafuta uvujaji: fungua mtungi, washa solenoidi, zima plati zote, kisha funga mtungi na uiangalie. Baada ya robo saa sindano ikiwa imeshuka, kuna mahali panavuja, na unapatafuta kwa povu la sabuni isiyo na amonia, maana amonia inakula shaba nyeupe. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila tulipobadilisha mtungi. Nahodha akinikuta nimepiga magoti kabatini na saa mkononi alikuwa akisema, "Fundi anasali."

Kitu kingine cha gesi ambacho hakizungumzwi sana ni maji. Kila kilo ya propani inayoungua inazaa kilo 1.6 ya mvuke. Kwa gramu zetu 200, hiyo ni theluthi ya lita kila siku, iliyokuwa ikiganda kwenye vioo na kudondokea godoro. Kuna hewa ya ukaa monoksidi vilevile, na kwa hiyo unapika dirisha likiwa wazi hata mvua ikinyesha. Kutumia jiko kuota moto usiku wa baridi ndani ya chombo kilichofungwa kumeua watu. Hapo sina utani.

Na mitungi yenyewe! Anayezunguka bandari za nchi mbalimbali anajua: kila mahali koki ina sura yake, nyuzi zake na upande wake wa kufunga. Unatembea na mfuko wa adapta. Mwenye kujaza akiona kutu, au tarehe ya ukaguzi imepita, anakurudishia mtungi wako. Kuna mahali unapewa butani badala ya propani, na butani ikikutana na baridi ya karibu nyuzi sifuri haitoki tena mtungini, ilhali propani inaendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Wapo wanaohamisha gesi wenyewe kwa kuuning'iniza mtungi mmoja juu ya mwingine. Sifanyi, na sikufundishi. Mtungi unatakiwa ujazwe asilimia 80 tu ili majimaji yapate nafasi ya kutanuka, na kwa njia ile huna namna ya kujua umefika ngapi.

Sasa umeme, ambako nipo nyumbani.

Induksheni ya wati 1800 kwenye ukuta wa nyumba ya volti 230 inavuta ampea 8. Hakuna anayeifikiria. Kwenye betri za volti 12, ukiweka na hasara ya inverta, ni ampea 165. Hizo ni ampea za kuchomelea vyuma, na zinapita chini ya kitanda chako kwa dakika ishirini mfululizo. Hapa ndipo ninapowapoteza wengi, kwa sababu wameshanunua jiko na inverta, na wanataka kuviunganisha kwa waya uliokuwepo. Waya wa milimita za mraba 25, mita 2 kwenda na 2 kurudi, utapoteza karibu nusu volti na kutoa joto la wati 75. Wa milimita 70 utapoteza wati 27. Huo wa pili ni mnene kama kidole gumba na haupindi unavyotaka, lakini ndio unaohitajika.

Zaidi ya waya ni ncha zake. Chukua ncha moja iliyobanwa vibaya, au iliyoanza kuota ukijani wa chumvi, yenye ukinzani wa omu 0.005 tu. Mita ya kawaida haiwezi hata kuuona. Kwa ampea 165 ncha hiyo inatoa joto la wati 136, mahali padogo kuliko kiberiti. Hewa ya bahari inazitengeneza ncha za namna hiyo bila kupumzika. Kwa hiyo nyaya zangu zote ni za shaba iliyopakwa bati, ncha zimebanwa kwa mashine ya haidroliki, na kila msimu nazishika kwa mkono dakika tano baada ya kupika. Panapochoma ndipo penye kazi. Halafu kuna fyuzi karibu kabisa na betri, ya aina ya T, kwa sababu lithiamu ikipigwa shoti inatoa maelfu ya ampea na fyuzi za kawaida zinaweza kushindwa kuzikata. Upande wa volti 230 kuna swichi inayokata umeme ukivujia kwenye mwili wa mtu. Mpishi wa baharini ana mikono mibichi muda wote.

Anayesema umeme ni salama kuliko gesi amesema nusu. Umeme uliofungwa vizuri ni salama kuliko gesi iliyofungwa vizuri, hilo nalikubali. Ila umeme uliofungwa ovyo unaanza moto polepole nyuma ya ubao, na haunuki mpaka umechelewa, wakati gesi angalau wametutilia ile harufu.

Betri za zamani za risasi zisahau kwa kazi hii. Ampea-saa 400 za risasi unazitumia nusu tu kama unataka zidumu, na ukizivuta kwa ampea 165 volti zinaporomoka mpaka inverta inapiga kelele na kujizima, maji yakiwa vuguvugu. Lithiamu inashikilia volti zake karibu hadi mwisho. Ina masharti yake: usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na usiiachie alternata, ile inayozalisha umeme ikizungushwa na injini, bila kidhibiti. Ina ulafi wa kuvuta kila ampea alternata inayoweza kutoa, saa nzima, mpaka alternata inaungua. Kama unajenga chombo kipya, fikiria volti 24 au 48. Ampea zinabaki nusu au robo, na nusu ya niliyoyasema juu inakuwa nyepesi.

Tuna paneli mbili za sola za wati 300. Siku ya jua kamili, tukiwa tumelala nanga na hakuna kivuli cha boriti ya tanga, zinatupa uniti 2 na kitu. Friji inachukua sehemu kubwa ya uniti moja, taa na vyombo vya usukani kidogo, kupika 1.3. Siku nzuri tunatoka sare. Siku ya mawingu mazito tunapata robo ya hiyo, na siku tatu za namna hiyo zikifuatana betri ziko hoi. Hapo kuna injini: alternata ikisukuma ampea 70, kurudisha umeme wa siku moja ya kupika ni saa moja na nusu ya kelele na dizeli. Ukifika hapo umeacha kupikia jua, unapikia dizeli, tena kwa njia ya ghali kuliko zote.

Kilichobadilika kwetu zaidi ya vifaa ni ratiba. Kwenye gesi tulipika jioni kwa sababu ndivyo watu wanavyopika. Sasa mlo mkubwa ni adhuhuri. Karibu na saa sita mchana betri zinakuwa zimejaa na paneli zinaanza kujizuia kwa kukosa pa kupeleka umeme. Huo unaokwenda bure ndio ninaopikia. Jioni ni kupasha tu, au kula kilichokaa kwenye chupa ya joto. Maharage nayaanza saa nne asubuhi kwenye jiko la presha la umeme, linalokula wati 1000 mwanzoni na baadaye karibu hakuna. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka inataka uniti 0.12 tu, kwa hiyo napima maji kwa kikombe, sijazi birika. Na inverta nazima nikimaliza. Ikiwa wazi bila kazi inakula wati 30, na kwa saa 24 hiyo ni uniti 0.7, nusu ya mapishi yote.

Kwenye mawimbi induksheni ina raha yake na karaha yake. Raha ni kwamba hakuna moto wa kupepea wala wa kushika kitambaa, na sufuria ikiruka jiko linajizima. Karaha ni kioo: sufuria inateleza kama haina breki, kwa hiyo vile vibanio vya kuishika lazima viwepo kama kwenye jiko la gesi, na jiko zima lining'inie kwenye ekseli zake ili chombo kikilala lenyewe libaki wima. Majiko ya kubebeka ya mezani hayaning'inii popote; yanafaa gatini. Mengi kati yake ukiyaweka moto mdogo hayapunguzi kitu, yanawaka kwa nguvu zote na kuzima, kuwaka na kuzima, na inverta dhaifu haipendi. Sufuria zijaribu kwa sumaku kabla hujatoa hata senti. Alumini haitashika.

Tulibishana na nahodha kuhusu akiba. Yeye alitaka plati moja ya gesi ibaki, kwa siku ambayo radi au maji ya chumvi yataua umeme wote. Hoja yake ni nzuri na ya kibaharia: usiweke taa, friji, usukani na chakula juu ya waya mmoja. Yangu ilikuwa kwamba nusu ya gesi haileti nusu ya hatari. Plati moja inahitaji mtungi uleule, kabati lilelile, mpira uleule unaozeeka, na kwa kuwa unaitumia mara chache, unaacha kuikagua. Tuliishia kwenye jiko dogo la spiriti, lile la kopo lenye pamba inayonyonya, lisilo na presha. Ni la polepole kweli, na moto wake mchana hauonekani, jambo linalotaka uangalifu. Lakini spiriti iliyomwagika unaizima kwa maji mengi na haijifichi ngamani kukusubiri. Kabati la mtungi sasa tunawekea kamba.

Ila wewe mwenye betri za risasi na paneli moja, au unayesafiri kaskazini ambako jua la majira ya baridi ni la jina tu, au unayeondoka mwezi ujao kuvuka bahari, baki na gesi. Weka fedha zako kwenye mpira mpya, solenoidi na kifaa cha kunusa. Mfumo wa gesi unaokaguliwa ni bora kuliko umeme uliofungwa kwa haraka, na hilo nalisema nikiwa na bisibisi mfukoni. Unayelala gatini usiku mwingi, nunua jiko la induksheni la mezani, tumia umeme wa nchi kavu, na gesi ibaki ya safarini. Angalia tu gati linatoa ampea ngapi: 16 kwa volti 230 zinatosha kila kitu, lakini yapo magati yanayotoa 6, na hapo hata jiko la wati 1800 peke yake, likiwa kwenye nguvu zote, linaweza kukata umeme.

Ubishi uliobaki ni oveni. Ile ya gesi tuliing'oa na jiko lake. Ya umeme ya wati 1500, hata ikiwa inajizima na kujiwasha, inataka karibu uniti moja kwa mkate mmoja, na siwezi kuipata bila kunyima kitu kingine. Kwa sasa mkate unaokwa tukiwa tumefungwa gatini. Nahodha ameanza kuulizia nafasi ya paneli ya tatu juu ya shetri, eti kwa ajili ya friji. Nimempa vipimo.